Kabla ya kushusha giaboksi, oshani kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo na wenzangu wenye magari ya zamani ya otomatiki, na zaidi na mafundi wanaoyahudumia. Imekuwa mazoea kwamba oili ya giaboksi ikionekana ikidondoka katikati ya gari, hukumu hutolewa papo hapo: sili ya mbele (mpira unaozuia oili pale giaboksi inapoungana na injini) imekufa, giaboksi ishushwe. Sili hiyo kweli huchoka, na hapo hakuna njia nyingine. Ninacholalamikia ni kwamba mara nyingi inahukumiwa bila ya kusikilizwa.

Pikapu yangu ina zaidi ya miaka 20. Ilipoanza kuacha doa jekundu kila nilipoiegesha, fundi aliingia uvunguni, akaona kwamba pale giaboksi inapoungana na injini pamelowa, akatoka na jibu. Giaboksi ikashushwa, sili ikabadilishwa, kazi ikachukua siku mbili. Siku ya tatu doa lilikuwa palepale, na wala halikuwa limepungua.

Oili haidondoki pale inapotokea. Hutambaa juu ya chuma, hufuata bomba au ukingo wa sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) mpaka ifike mahali pa chini kabisa, na gari likiwa mwendoni upepo huisukumia nyuma, kiasi kwamba uvujaji wa karibu na rejeta unaweza kulowesha giaboksi nzima. Kwa hiyo tone la chini halina ushahidi mkubwa. Kinachotafutwa ni mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi palipolowa. Lakini katika gari la umri huu kila kitu kimelowa na kushikamana na vumbi la miaka, na hapo hata mwenye macho makali atakuwa anakisia tu.

Hata rangi yenyewe huponza. Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida huwa nyekundu ikiwa mpya, lakini ikizeeka huwa ya kahawia na kufanana na oili ya injini. Na katika magari mengi ya zamani usukani wa pawa hutumia oili ya aina hiyohiyo. Doa jekundu peke yake, basi, halitoshi kuilaumu giaboksi. Anayeanza na kikopo cha oili ya usukani, akatazama kama kinapungua, hapotezi chochote.

Baada ya kuumwa mara moja, nilifanya mwenyewe kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo. Nililiinua gari likakaa juu ya stendi imara (kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee ni kucheza na roho), nikapaka dawa ya kuondolea grisi, nikasugua, nikaosha, nikaacha pakauke. Nikapima oili kama magari mengi ya aina hii yanavyotaka, yaani injini ikiwa inaunguruma na ya moto, gia ikiwa kwenye P, gari likiwa mahali tambarare. Kipimo hiki si cha kupuuza, kwa sababu oili iliyozidi huchemka povu na kutokea kwenye tundu la hewa, ikamfanya mtu atafute ufa usiokuwepo. Nikaendesha kama robo saa, nikarudi, nikatandaza boksi jeupe chini na kuingia na tochi huku injini ikiwaka.

Nilifuata kwa macho mabomba mawili ya chuma yanayopeleka oili kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta. Moja lilikuwa limebanwa kwenye kishikizo ambacho mpira wake ulikwisha kuoza, chuma kikasugua chuma. Palikuwa na alama iliyong'aa kama sarafu mpya, na katikati yake kitone chekundu kidogo kuliko punje ya dengu kilichovimba, kikateleza kwenye bomba, kikafuata mkunjo mpaka chini ya giaboksi, na ndipo kikadondoka. Nilizima injini, na baada ya muda mfupi hakikutoka kingine.

Swali la lini inavuja, kwa hiyo, lina uzito sawa na swali la wapi. Inayovuja injini ikiwaka tu huelekeza kwenye njia zenye presha. Inayovuja gari likiwa limelala siku kadhaa ina habari nyingine: oili iliyokuwa ndani ya torki konveta (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili) huweza kurudi taratibu kwenye sampu, kiwango kikapanda mpaka kwenye sili ya fimbo ya kubadilishia gia au kwenye mpira wa bomba la kijiti cha kupimia, na hizo zikaanza kutoa. Zote mbili kwa kawaida hubadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake. Nikiongeza moja kwa wenye giaboksi za zamani zenye kifaa kinachoendeshwa na mvuto wa hewa wa injini: ngozi yake ya ndani ikipasuka, oili huvutwa ndani ya injini na kuungua, gari likatoa moshi mweupe na oili ikapungua bila hata tone moja sakafuni.

Wapo watakaonishauri dawa za kuziba uvujaji. Dawa hizo hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, na huenda zikamvusha mtu kwa muda. Bomba lililotoboka hazilijui. Wapo pia wanaokaza bolti za sampu kwa nguvu zote, nao huikunja midomo yake ya bati na kuibana gasketi mpaka ikatokeza nje, uvujaji mmoja ukawa miwili.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Kabla hamjamwambia mteja kwamba giaboksi inashushwa, oshani, endesheni, kisha mwiteni aje aone kwa macho yake pale oili inapotokea. Sili yangu iliyotolewa ninayo mpaka leo, na mdomo wake bado ni laini.

Wako,
Mwenye pikapu ya zamani