Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: friza itabaki, mtafiti anaondoka

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nina shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekuli. Miaka mitano nimeshinda na vinasaba vya vimelea vya malaria. Kijijini wananiita Daktari, na kila nikienda likizo mjomba hukunja suruali anionyeshe goti. Kazi ya kudumu sina.

Mtu wa maabara akimaliza uzamivu bado hajaiva. Anahitaji miaka miwili mitatu ya kufanya utafiti wake mwenyewe karibu na mzoefu, aandike maombi ya fedha, alee wanafunzi, akosee mapema. Sisi wa maabara hatua hiyo tunaiita posdoki. Matangazo ya ajira za umma nayafuatilia kila wiki: wanatafutwa wahadhiri, wanatafutwa maofisa utafiti, posdoki sijaiona hata moja.

Niliitwa chuo kimoja. Nikapewa masomo manne na wanafunzi mia tatu wa mwaka wa kwanza. Nikauliza maabara iko wapi, nikafunguliwa chumba kilichojaa viti vya mahafali.

Zinazobaki ni nafasi za miradi ya wafadhili. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, mwenzangu wa meza ya pili aliambiwa Ijumaa. Jumatatu pipeti zake, vile vifaa vya kupimia matone, zilikuwa zimepangwa vizuri, mwenyewe hayupo.

Mheshimiwa, vimelea havisubiri bajeti. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001, vidonge vya SP vikashika nafasi yake, navyo havikufika mbali. Sasa tunategemea dawa mseto. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye badiliko la kinasaba linalopunguza kasi ya artemisinini, kiini cha dawa mseto hizo, na badiliko hilo hilo limeshaonekana kwetu Kagera. Kuligundua kulianzia kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, na mtu anayejua la kulifanyia. Karatasi tunazo nyingi.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ipo tangu 1986, na MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, upo chini yake. Zitengwe humo nafasi za posdoki, hata 20 kwa kuanzia, za miaka mitatu, ziombwe kwa ushindani na mtu aende kwenye taasisi yenye maabara inayofanya kazi. Mshahara uwe wa mhadhiri. Na fedha za kemikali ziwe ndani ya nafasi hiyo hiyo, hili nalisisitiza, maana mtafiti asiye na vimeng'enya ni karani mwenye koti jeupe. Niliwahi kuagiza vimeng'enya nje. Mzigo ulikwama njiani siku nane, barafu kavu ikayeyukia hewani, nikapokea boksi la maji ya bei mbaya.

Samia Skolashipu inawalipia vijana waliofaulu sayansi kidato cha sita. Nawafundisha baadhi yao kushika pipeti. Juzi mmoja akaniuliza, "Dokta, ukimaliza kusoma unakuwa nani?" Nikamwambia ageuze sahani ya sampuli, amepanga kinyume.

Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni. Kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kuna sampuli 2,140, lebo zote kwa mwandiko wangu. Umeme ukikatika usiku, mlinzi hunipigia simu mimi. Namba ya kumwachia bado sijapewa.

Wako mtiifu,
Mtafiti wa malaria, Dar es Salaam