Risala ya Klabu ya Sayansi na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Karibu sana Tanga.

Mheshimiwa, historia ya klabu ni ndefu na muda ni mfupi. Mafanikio ni lukuki: hazina ya majani makavu ya miti sita ya mikokoni, yaani mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi, kitalu cha miche, ambacho sasa kina uzio baada ya mbuzi wa jirani kukipenda kupita kiasi, na jedwali la maji kujaa na kupwa ambalo hata wavuvi huja kulichungulia.

Kwa idhini yako, tuingie kwenye hoja.

Masomo yetu ya nje hufanyika mikokoni siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwani pwani hii siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Mwanafunzi hulamba jani la mchu, akaonja chumvi ambayo mti umeitoa nje. Tatizo ni miguu yetu. Tope lile halina hewa, hivyo mchu hupumua kwa vimizizi vinavyochomoza juu mithili ya penseli. Darasa moja likipita, vimizizi huvunjika, mashimo ya kaa huzibika na miche michanga hulala chini. Tunakwenda kuusoma msitu huku tunauua.

Ombi letu ni moja: njia ya mbao yenye urefu wa mita 36 na upana wa mita 1. Zinahitajika nguzo 42 za mkaratusi zilizotiwa dawa, kila moja mita 3, zizamishwe mita 1.2 na kusimamishwa mbilimbili kila baada ya mita 1.8. Mbao za inchi 2 kwa 6, futi 12, ziwe 95: 20 za kulaza juu ya nguzo na 75 za kukata vipande vitatuvitatu vya kukanyagia, tukiacha nafasi ya sentimita 1 ili maji yapite yasizing'oe. Sakafu ikae juu ya alama ya tope ambayo bamvua kubwa huiacha kwenye mashina. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi, na mbao zisizotiwa dawa hutobolewa na wadudu wa baharini, walewale wanaowafanya wenye vyombo vya baharini wapake deheni, yaani dawa ya kukinga mbao za chombo.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alituahidi mbao hizi "kabla ya masika", na alipigiwa makofi mengi. Masika hakuyataja ni ya mwaka gani. Aliyemfuata alituma fundi, akapima, akaondoka na karatasi ya vipimo. Safari hii nakala tunayo, na nyingine imo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa pamoja na zawadi yako ya kikapu.

Hatuombi fedha taslimu. Nguvu kazi ni yetu, na mafundi wazazi wamejitolea. Tunaomba vifaa, na tunaomba ututajie tarehe ya kuvipokea utakaposimama kuzungumza, ili katibu aiandike kwenye muhtasari.

Tunaomba kuwasilisha.