Risala ya Familia Zenye Ugonjwa wa Kurithi wa Misuli ya Moyo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa viongozi wa kata,
Waganga na wauguzi wa kituo chetu cha afya,
Wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu.

Kikundi hiki ni cha familia ambazo misuli ya moyo hunenepa bila shinikizo la damu kuwa chanzo. Mzazi mmoja akiwa na jeni ya ugonjwa huu, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003. Uchunguzi ulikuta ugonjwa huu huu. Vijana wetu nao wameanguka, shambani na kwenye michezo ya shule, tukasema ni kifafa, au wamerogwa. Kumbe takriban mtu mmoja kati ya 500 anao, na wengi wakitunzwa huuona uzee.

Ndugu Mgeni Rasmi, bingwa wa moyo yuko mbali. Tunakwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa vipimo vikubwa, kisha tunarudi nyumbani, na hapo tuko mikononi mwa tabibu wa zahanati. Mwenzetu mmoja alifika kituoni akihema, akapewa dawa ya kukojoza kwa wingi, akazimia kabla ya kufika nyumbani. Aliyempa alitaka kumsaidia. Ila moyo wenye ukuta mnene unahitaji kujaa damu vizuri. Mwili ukikaushwa maji, au mishipa ikitanuliwa kwa nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, kwa wengi wetu njia ya damu kutoka moyoni hubana zaidi. Ndiyo maana hata kuharisha kwa siku moja kwetu si jambo dogo.

Dawa zinazotufaa ni zile za kutuliza mapigo, kama propranololi na atenololi. Ni za bei nafuu, lakini zinaisha dirishani, na kuzikatisha ghafla ni hatari. Mgonjwa aulizwe kwanza kama ana pumu.

Tunawapongeza wauguzi wa hapa ambao sasa humuuliza kila anayezimia: je, kuna ndugu yako wa damu aliyefariki ghafla angali kijana? Swali hilo halihitaji bajeti, nasi tunaomba liulizwe katika kila zahanati ya wilaya. Tabibu amsikilize mgonjwa moyo akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama. Sauti ya mvumo wa moyo ikikua mgonjwa akisimama, ampe rufaa.

Tunaomba pia mashine ya ECG, ya kupima umeme wa moyo, kituoni, na utaratibu rasmi wa kutuma picha ya kipimo kwa bingwa kwa simu. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio wapatiwe dawa ya kuzuia damu kuganda, na kipimo chake kiwe karibu. Zaidi ya yote, tunaomba rejesta ya familia. Mtoto aliyepimwa leo akaonekana salama arudiwe kila mwaka mmoja au miwili, na mtu mzima kila miaka mitatu hadi mitano, maana ugonjwa huu huweza kuchelewa kujitokeza.

Majina ya kaya zilizoridhia kuandikishwa tumeyaambatanisha katika bahasha hii.

Tunaomba kuwasilisha.