Mchele haupandwi

Ndugu Mhariri,

Katika habari moja ya kilimo mliyoichapisha hivi karibuni, mwandishi alieleza kwamba wakulima "wamepanda mchele" na kwamba wanatarajia "kuvuna mchele" mvua zitakapokatika. Nilidhani ni kosa la chapa, lakini aya zilizofuata zilirudia neno hilohilo.

Kinachopandwa ni mpunga. Huitwa mpunga ukiwa kitaluni, ukiatikwa majarubani, ukitoa masuke, ukikatwa, ukipurwa na ukipetwa. Hata ukishajazwa magunia na kuwekwa ghalani bado ni mpunga, kwa kuwa kila punje ingali ndani ya ganda lake kavu, ambalo ukilibandua kwa ukucha ndipo unapouona mchele. Ukikobolewa hutoa mchele, pamoja na pumba na chenga, na mchele ukipikwa ndio wali. Tofauti hii haiwahusu wachambuzi wa lugha peke yao. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 60 hadi 70 za mchele, kwa hiyo gazeti likiandika kwamba ghala lina tani kadhaa za mchele ilhali ni mpunga, msomaji anayepiga hesabu ya chakula au ya biashara amepunjwa karibu theluthi nzima.

Kwa mahindi siwalaumu sana. Neno mhindi, kwa maana ya mmea, halisikiki sana siku hizi, labda kwa sababu linagongana na jina la mtu wa India, na "mmea wa mahindi" unaeleweka. Lakini gunzi lisiitwe bua: bua hubaki shambani, gunzi hubaki mkononi baada ya kupukuchua.

Linalonikera zaidi ni kitenzi kuvuna, ambacho waandishi wenu wamekigeuza panga la kukatia kila kitu. Karafuu huchumwa, nazi huanguliwa, muhogo hung'olewa, na kila kitenzi hubeba kazi yake, kwani anayeangua yuko juu ya mti na anayeng'oa ameinama. Ukiandika kwamba watu "walivuna nazi", yule aliye juu ya mnazi haonekani tena.

Na ikiwa habari ijayo itahusu minazi, namwomba mwandishi asitosheke na "nazi changa", maana kidaka, kitale, dafu na koroma, yaani hatua zake kwa mfuatano tangu kutunga hadi kukaribia kukomaa, vyote havijafikia kuwa nazi, na mwenye kiu akiahidiwa dafu lenye maji ya kunywa hatakubali kupewa kidaka kilichotunga juzi.

Wasalaam,
Msomaji wenu