Mtoto akipewa dawa ya kusinzia kwa daktari wa meno, nani amchunga?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi niseme kuhusu hii dawa ya kutuliza watoto kwa daktari wa meno, ile mtoto apewa anywe kama sirapu ama avuta gesi puani (nitrous oxide, ile waitayo gesi ya kucheka) ili akae shwari wakati jino lazibwa. Sio nusu kaputi, mtoto yuwasikia na ajibu akiitwa, hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mimi siipingi hata kidogo. Anayeipinga hajaona mtoto wa miaka minne ameshikwa mikono na miguu na watu wazima watatu ili ang'olewe gego, mtoto kama huyo akikua hata umlipe pesa kwa daktari wa meno haendi. Na hayo mabuyu na achari na barafu za rangi twawanunulia wenyewe, sasa meno yasioze kwa nini.

Lakini dawa haijui daktari alipanga mtoto alegee kiasi gani. Ile ya kunywa inayoitwa midazolamu, kipimo ni kile kile kwa kilo lakini mtoto mmoja atabaki acheka cheka tu, mwengine atalala hata ukimwita haitiki, na wa tatu atapanda wazimu alie mpaka mwisho. Muongozo wa Marekani wa madaktari wa watoto na wa meno umelisema hili wazi, kwamba anayetoa dawa awe aweza kumuokoa mtoto aliyezama usingizini zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwangu mimi hapo ndipo sheria yoyote yafaa ianzie, sio kwenye jina la dawa.

Manake fikiria, daktari macho yote yako kwenye jino, drili yalia, maji na pamba mdomoni, na mdomo huo huo ndio njia ya pumzi. Mtoto koo lake ni jembamba, ulimi ni mkubwa, na oksijeni yamshuka haraka kuliko mtu mzima. Kwa hivyo lazima awepo mtu mwengine chumbani aliyefunzwa, kazi yake kumtazama mtoto tu, sio huku apokea simu na kuandika risiti. Kile kifaa cha kupima oksijeni tulichokizoea wakati wa korona kiwe kidoleni mwanzo mpaka mwisho, oksijeni iwe tayari, barakoa iwe ya saizi ya mtoto, na flumazenili ya kukata nguvu ya midazolamu iwe hapo hapo.

Huko California, Marekani, tangu 2022 daktari wa meno ataka kibali maalum hata kwa hii dawa nyepesi ya kunywa kama mtoto hajafika miaka 13. Hapa kwetu KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, ndio wasajili madaktari wa meno na kliniki, sioni ugumu wao kutoa kibali kama hicho na kibandikwe mlangoni tukione kabla hatujalipa.

Ila wasitupie kila kitu mzigo mmoja. Gesi peke yake, ikichanganywa na oksijeni na isipite nusu ya mchanganyiko, yaisha mwilini dakika chache baada ya kutolewa barakoa, haiwezi kuwekewa masharti sawa na sirapu. Wakifanya hivyo bei itapanda na itabaki ni ya watu wa Nyali, sisi wa Kisauni turudi kule kule kushikana miguu.

Na wazazi nasi tuna yetu. Ukiambiwa mtoto asile chakula masaa sita, maziwa ya mama mwisho masaa manne, maji mwisho mawili, usimpe mahamri kichochoroni ati wamuonea huruma, akitapika huku amelegea yaweza kuingia mapafuni. Kama umempa piritoni usiku, ile dawa ya mafua inayoleta usingizi, sema. Dawa ya kusinzia yenyewe isipewe nyumbani, apewe pale kliniki baada ya kupimwa kilo kwa mzani, sio kukisiwa kwa macho. Na kurudi msiwe wawili tu, mtoto aliyelala kwenye tuktuk kichwa kikamuangukia kifuani pumzi yaweza kuziba, ataka mtu wa kumshika kichwa njia nzima.

Haya yote yaandikwe kwa Kiswahili kwenye fomu tunayotia sahihi, na chini iwe namba ya simu inayopokewa hata usiku.

Mama mzazi,
Kisauni, Mombasa