Simu Inakimbia, Kompyuta Inatambaa

Wateja wetu wengi hapa Mombasa hutujia dukani na laptopu kwapani na lalamiko lile lile: simu yenyewe inafungua video bila kusita, lakini ikiiwashia kompyuta hotspoti, faili moja hupakuliwa mpaka chai ikapoa. Wengine wameshabadilisha laini mara mbili. Tafadhali, usinunue laini nyingine kwanza.

Juzi alikuja dada mmoja anayefanya kazi za uhasibu nyumbani kwake Mji wa Kale. Alikuwa ameweka programu iliyomwahidi kasi maradufu. Tukafungua Command Prompt ya Windows, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri, tukaandika netsh interface tcp show global, na tatizo likajitokeza pale pale: mbele ya Receive Window Auto-Tuning Level, setingi inayoiachia kompyuta ijipangie ipokee data kiasi gani kwa mkupuo, pameandikwa disabled, yaani imezimwa. Ile programu ndiyo iliyoizima.

Mwone hamali na mkokoteni wake kutoka Marikiti. Barabara ni nyeupe, lakini umemkataza kupakia zaidi ya gunia moja kila safari. Setingi hiyo ikizimwa, kompyuta haipokei zaidi ya kilobaiti 64 hivi kabla ya kujibu seva kwamba mzigo umefika. Seva ikiwa Ulaya, na kwenda na kurudi kukachukua tuseme milisekunde 150, upakuaji mmoja hauvuki megabiti 3.5 kwa sekunde, hata mnara ukiwa tayari kukupa 40. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo hasara inavyozidi, na intaneti ya simu huongeza ucheleweshaji wake juu ya huo.

Dawa ni mstari mmoja. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal, kisha uondoe ile programu. Hizo za kuongeza kasi sisi hatuzipendekezi kwa mtu yeyote.

Kwa yule dada palibaki jambo la pili. Kuta za nyumba yake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha kumeza mawimbi, na simu alikuwa akiiweka kitandani. Tulimshauri aiweke dirishani na aiunganishe kwa waya wa USB, si waifai. Waya hauingiliwi na waifai za majirani, na simu inapata chaji papo hapo.

Kubadilisha DNS, ile huduma inayoitafutia kompyuta anwani ya kila tovuti, kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 huenda kukafanya kurasa zianze kufunguka mapema. Faili kubwa halitashuka haraka zaidi kwa hilo. Ila washa Metered connection, yaani kuiambia Windows kwamba data ni ya kupimiwa, kwenye setingi za mtandao wa simu yako, ili Windows isishushe masasisho mengi kwa bando lako ukiwa kazini.

Ukishindwa, tuletee tukupimie ukisubiri. Njoo na simu na waya ule ule unaoutumia, maana nyaya nyingine zinachaji tu, hazipitishi data.