Kiongozi wa bendi naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme juu ya kazi moja ambayo magazeti yetu huipita kila yanapoandika habari za muziki wa dansi, nayo ni kazi ya kiongozi wa bendi. Mwanamuziki mkongwe akifariki, tunaelezwa aliimba wimbo gani, basi. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, anakumbukwa na wengi kwa "Dada Asha", aliyoitunga akiwa Tabora Jazz. Wachache ndio wanaoongeza kwamba baadaye aliiongoza Tabora Jazz Stars.

Mimi nilipiga tarumbeta katika bendi moja ya hapa Tabora, na kiongozi wetu alibeba kazi tatu peke yake. Mchana alikuwa meneja: alitafuta ukumbi, alipatana na mwenye baa kuhusu mgawo wa mapato ya mlangoni, alinunua nyuzi za magitaa, na kila shilingi aliiandika katika daftari jeusi ambalo hata mkewe hakuruhusiwa kulifungua. Usiku alitunga. Lakini kazi kubwa kuliko zote, ambayo msikilizaji haioni, ilikuwa ya kupanga muziki. Mwimbaji alikuja na maneno na sauti aliyoibuni njiani. Kiongozi ndiye aliyeamua solo iingie wapi, besi itembee au itulie, na sisi wa vipulizo tujibizane na waimbaji tangu mwanzo au tungoje mpaka kwenye chemko, yaani sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka. Hakutuandikia nota, wala hakushika kijiti kama waongozaji wa kwaya. Jukwaani alituongoza kwa jicho na kwa shingo ya gitaa lake, nasi ikiinuka tulijua ubeti umekwisha. (Aliyekuwa akiwatazama wachezaji dansi badala ya gitaa hilo alikatwa posho, na nakiri kwamba nilikatwa zaidi ya mara moja.)

Mazoezi hayo makali yalikuwa na sababu. Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ilirekodi yote kwa pamoja, na mmoja akikosea wimbo ulirudiwa tangu mwanzo. Kwa watu waliosafiri na vyombo vyao kwa treni zaidi ya kilomita 800, muda wa kurudia rudia haukuwapo.

Mji huu, uliokuwa na bendi ya Kiko Kids ya Salim Zahoro, haukukosa viongozi wa namna hiyo, kama vile Dar es Salaam ilivyokuwa na Michael Enoch wa bendi ya Mlimani Park. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji, na hata mpangilio wa muziki una nafasi yake humo. Kinachokosekana ni majina, kwa kuwa lebo nyingi za santuri ziliandika jina la bendi na la mtunzi tu, na watangazaji wanasoma kilichoandikwa.

Ninaliomba gazeti lako, pamoja na maofisa utamaduni wa Tabora na Kigoma, wayakusanye majina hayo sasa. Katika bendi yetu tumebaki watatu. Mmoja haoni tena, lakini ukimpigia wimbo wowote wa enzi zetu atakuambia nani aliupanga.

Mpiga tarumbeta mstaafu,
Kanyenye, Tabora